Matengenezo ya gari kuukuu nyumbani (Dar es Salaam)

Matengenezo ya gari kuukuu nyumbani ni kazi za kukagua, kusafisha, kubadilisha vipuri na kurekebisha hitilafu ndogo za gari la familia lililotumika kwa miaka mingi. Hufanywa na mwenye gari au na fundi aliyeitwa, uani au mbele ya nyumba, bila kulipeleka gari gereji. Jijini Dar es Salaam kazi hizi ni za kawaida sana katika maeneo ya katikati ya mji kama Kariakoo, Gerezani, Ilala na Upanga, kwa kuwa wakazi wake wanaishi mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kwenye maduka ya vipuri, ambavyo katika lugha ya kila siku huitwa spea.

Gari linaitwa kuukuu si kwa sababu ya mwaka wa kutengenezwa peke yake. Toyota Corolla ya miaka ya 1990 ambayo spea zake zimejaa Gerezani inaweza kuendelea kubeba watoto kwenda shule, wakati gari la Ulaya lililo changa kuliko hiyo limesimama uani likisubiri kipuri kimoja. Ndiyo maana wanunuzi wengi, kabla ya kuuliza bei ya gari, huuliza kama spea zake zinapatikana Kariakoo.

Asili ya magari hayo

Magari mengi ya familia nchini Tanzania huingia yakiwa yameshatumika Japani. Nchi zote mbili huendesha upande wa kushoto wa barabara, hivyo usukani hauhitaji kuhamishwa. Kule Japani gari binafsi hupitia ukaguzi wa lazima uitwao shaken, wa kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili. Gharama za ukaguzi huo huwafanya wenye magari wengi kuyauza yakiwa bado yanatembea vizuri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Tanzania haikuweka katazo kama hilo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Matokeo yake ni kwamba gari "jipya" la familia mara nyingi lina miaka kumi au zaidi siku linapotoka bandarini.

Kabla ya hapo hali ilikuwa tofauti. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 barabara za mji zilikuwa na Peugeot 404 na 504, Volkswagen, Datsun na Land Rover. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena 1979, na Vita vya Kagera (1978–1979) vilimaliza akiba ya fedha za kigeni. Spea zikaadimika. Mafundi wa mitaani walichonga bushi kutoka kwenye mpira wa tairi kuukuu, walikunja gasketi kwa mkono, na walihamisha vifaa vya gari moja kwenda lingine la aina tofauti. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu binafsi kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na wakati wa urais wa Ali Hassan Mwinyi (1985–1995) magari yaliyotumika na spea zake yalianza kuingia kwa wingi. Historia ya mafundi hao na gereji zao imeandikwa na mwanahistoria Joshua Grace katika kitabu African Motors (2021).

Gari kutoka Japani huja na mambo yake. Redio nyingi hushika masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90 MHz tu, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar es Salaam hazisikiki mpaka kifungwe kifaa cha kuhamisha masafa. Lenye maana zaidi kwa uhai wa gari ni kibandiko cha Kijapani kinachokutwa chini ya boneti au ubavuni mwa mlango wa dereva. Mara nyingi hicho kinaonyesha tarehe na kilomita za kubadilishwa oili au mkanda wa taimingi. Watu wengi hukibandua wakati wa kuosha gari, na kumbukumbu pekee ya kuaminika ya gari hilo inapotea.

Spea za Kariakoo na Gerezani

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Biashara ya spea imejikusanya upande wa Gerezani na mitaa inayopakana nao, karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi, na maduka mengine yako Ilala. Mnunuzi mgeni hupokelewa kwanza na winga, yaani kijana asiye na duka anayemwongoza mteja hadi dukani na kupata chake juu ya bei. Winga mzuri huokoa saa nzima ya kuzunguka. Ila anayejua jina la kipuri na namba ya gari lake hamhitaji.

Namba hiyo ndiyo msingi wa kununua. Kwenye bamba lililo chini ya boneti kuna namba ya chasesi, aina ya injini na aina ya giaboksi. Toyota IST ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, ilikuja na injini ya 2NZ-FE ya lita 1.3 (NCP60) au 1NZ-FE ya lita 1.5 (NCP61), na si kila kipuri cha moja hukaa kwenye nyingine. Desturi salama ni kwenda dukani na kipuri cha zamani mkononi na picha ya bamba kwenye simu.

Wauzaji hutofautisha spea kwa majina manne. "Og" ni ile yenye chapa ya mtengenezaji wa gari. Kuna za makampuni mengine yanayotengeneza spea, baadhi yakiwa yaleyale yanayouzia viwanda vya magari. Kuna za mtumba, zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa Japani au hapahapa nchini. Na kuna feki, ambazo huuzwa kwa jina la mojawapo ya hizo tatu. Boksi halitoshi kuthibitisha kitu, kwa sababu boksi nalo huigwa. Plagi bandia hutambulika mara nyingi kwa maandishi yanayofutika kwa kucha, uzi wa skrubu uliochongwa vibaya na ncha isiyokaa katikati. Filta bandia ya oili huwa nyepesi kuliko ya kweli, na karatasi ya ndani ni chache. Bidhaa bandia zinashughulikiwa kisheria na Tume ya Ushindani (FCC), na viwango vya ubora na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini mnunuzi anayetaka kudai haki yake anahitaji risiti, jambo ambalo wengi hulisamehe ili wapunguziwe bei.

Mtumba si mbaya kwa kila kitu. Mlango, taa, rimu, kioo, alteneta na hata giaboksi ya mtumba kutoka Japani inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei nafuu. Visivyofaa kununuliwa mtumba ni vile vinavyozeeka hata vikiwa havitumiki, au vinavyolika kwa kazi: mikanda, mipira ya maji, bushi, pampu ya maji, padi za breki na matairi. Tairi lina tarehe ya kuzaliwa. Ubavuni mwake, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nene na tarehe ya zamani huvutia macho, lakini mpira wake umeshakauka, na hupasuka kwenye mwendo wa barabara kuu gari likiwa limejaa.

Vioo vya pembeni na taa huibwa sana mjini, na baadhi hurudi sokoni. Ndiyo sababu ya wenye magari kuchora namba za usajili juu ya vioo na taa zao. Anayenunua kioo chenye namba iliyokwanguliwa anajua, au anapaswa kujua, kilikotoka.

Kuchemsha

Kinachoua injini nyingi kuukuu za Dar es Salaam ni joto. Injini ya petroli hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 90 hivi za Selsiasi. Jijini hewa yenyewe huwa na nyuzi 30 au zaidi kwa miezi mingi, na foleni ya Barabara ya Msimbazi au ya Morogoro huliacha gari likiunguruma bila upepo wa mwendo kupita kwenye rejeta. Hapo rejeta, feni, themostati, pampu ya maji na kifuniko cha rejeta hufanya kazi bila msaada wowote, na kilicho dhaifu kati ya hivyo hujitokeza.

Uharibifu huanza na maji. Maji ya bomba, na zaidi maji ya visima vya mjini ambayo mengi yana chumvi, huacha ukoko na kutu ndani ya mirija ya rejeta. Kimiminika maalumu cha kupoozea, kinachoitwa kulanti, kina dawa ya kuzuia kutu na huchelewa kuchemka. Kifuniko cha rejeta nacho hushikilia mgandamizo unaofanya maji yasichemke hata yakivuka nyuzi 100. Mpira wa kifuniko ukichakaa, maji hutoka kidogokidogo bila kuacha doa chini ya gari, na mwenye gari hujikuta anaongeza maji kila asubuhi kama anayelisha mfugo.

Katika gereji za mitaani kuna tiba mbili zilizoenea. Moja ni kutoa themostati na kuacha njia wazi. Nyingine ni kuunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Zote mbili hushusha mshale wa joto kwa muda, na kwa hiyo huonekana zimefaulu. Lakini injini isiyo na themostati hukawia kupata moto wake wa kazi, hula petroli zaidi na huchafua oili. Feni inayozunguka muda wote huchoka mapema, nayo ikifa hakuna onyo. Chanzo, ambacho mara nyingi ni rejeta iliyoziba, kinabaki palepale. Kipuri kilichotolewa kilikuwa na bei ndogo. Silinda hedi ya aluminiamu iliyopinda haina bei ndogo.

Mshale ukipanda njiani, gari huegeshwa mara moja, kiyoyozi huzimwa na injini huzimwa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa na moto, kwa kuwa maji yaliyogandamizwa hulipuka kuwa mvuke na kuunguza uso na mikono. Husubiriwa nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono. Kumwagia injini maji baridi ili ipoe haraka kunaweza kupasua chuma chake. Baada ya hapo huangaliwa oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au gari linatoa moshi mweupe usiokoma na maji yanapungua, gasketi ya silinda hedi imeungua. Kazi ya kufungua hedi, kuisawazisha kwa mashine na kuirudisha si ya nyumbani.

Oili

Kumwaga oili ndiyo kazi inayofanyika zaidi nyumbani, mara nyingi Jumapili asubuhi mitaa ikiwa na nafasi. Desturi ya mjini ni kila kilomita 5,000, pamoja na filta. Kwa gari linaloshinda kwenye foleni, kilomita hudanganya, maana injini hufanya kazi saa nyingi bila gari kwenda mbali. Miezi sita ni kipimo cha kufaa zaidi. Dipstiki huangaliwa kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa.

Mafundi wengi hushauri oili nzito ya 20W-50 kwa injini iliyochoka. Ushauri huo una sababu: oili nzito hupunguza kelele na ulaji wa oili. Hata hivyo injini kama 1NZ-FE zimetengenezwa kwa oili nyepesi, ya 5W-30 kwa mfano, ipite upesi kwenye njia nyembamba za mfumo wa VVT-i. Oili nzito huficha ugonjwa zaidi ya kuuponya, na husaidia zaidi mtu anayetaka kuuza gari.

Kosa la gharama kubwa zaidi liko kwenye giaboksi. Baadhi ya Vitz, Premio na Corolla Axio zina giaboksi ya CVT, ambayo inahitaji haidroliki yake maalumu. Ikijazwa haidroliki ya otomatiki ya kawaida huharibika, na kosa hilo huonekana baada ya wiki kadhaa, wakati aliyelifanya ameshasahau.

Breki na kazi za chini ya gari

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi nyuzi 140 hivi. Pedali huanza kuwa laini kwenye mteremko mrefu, hasa gari la familia linapokwenda mikoani mwisho wa mwaka likiwa na mizigo. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni jambo ambalo karibu hakuna anayelikumbuka, pengine kwa sababu breki hazipigi kelele mafuta yakichakaa.

Padi zinaweza kubadilishwa nyumbani na mtu aliyejifunza kwa fundi, zikibadilishwa za magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Kutoa upepo kwenye breki, kufungua silinda zake au kubadilisha boljointi na tairodi ni kazi za fundi, kwa kuwa kosa lake hujulikana barabarani.

Ajali mbaya za nyumbani hutokea kwa jeki. Jeki inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi tu. Mtu hatakiwi kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Huwekwa stendi za chuma kwenye sehemu imara za chasesi, na magurudumu yanayobaki chini huzuiwa kwa mawe au magogo. Ardhi ya Kariakoo ni ya mchanga mahali pengi, na jeki huzama upande mmoja bila kutoa sauti, kwa hiyo huwekewa kipande cha ubao mpana chini yake. Tofali halifai kuwa stendi, kwa sababu hupasuka ghafla. Hatari nyingine iliyozoeleka ni kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira. Tone likiingia mapafuni linaweza kumlaza mtu hospitali.

Umeme na taa ya injini

Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka kipimo hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kipimo hicho cha dakika moja hutenganisha betri iliyokufa na alteneta iliyokufa, vitu ambavyo watu huchanganya na kununua kisichohitajika. Fyuzi inayoungua mara kwa mara haiwekewi waya wala fyuzi kubwa zaidi, kwani moto wa gari huanzia hapo.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, fundi huchomeka mashine inayosoma namba za kosa. Namba hizo hazitaji kipuri cha kununua. P0301 husema kwamba mwako unashindikana katika silinda ya kwanza; sababu inaweza kuwa plagi, koili, nozeli au hata mgandamizo mdogo. Fundi makini huhamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili na kuona kama kosa linahama nayo. Asiye makini humtuma mteja Gerezani kununua vyote vitatu.

Kazi za bodi, yaani kunyoosha, kuchomelea na kupaka rangi, hufanyika nyumbani mara chache. Chumvi ya hewa ya bahari na maji ya mafuriko ya Jangwani huanzisha kutu chini ya zulia na kwenye kingo za milango, na kuosha chini ya gari kwa maji baridi husaidia.

Fundi

Hata mwenye gari mwenye ujuzi huwa na fundi wake. Gereji isiyo na kibao wala leseni huitwa gereji bubu, na wengi wa mafundi wake walijifunza kwa kukaa miaka kadhaa na fundi mkubwa wakianzia kuosha vyuma. Wengine wametoka vyuo vya VETA, kikiwemo cha Chang'ombe. VETA pia hupima na kurasimisha ujuzi wa waliojifunza kazini na kuwapa vyeti. Fundi mzuri hutambulika kwa kurudisha kipuri cha zamani mkononi mwa mteja bila kuombwa.

Familia nyingine huweka daftari la gari lenye tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na duka kilikonunuliwa. Daftari huonyesha jambo ambalo kumbukumbu hulificha, kama pampu ya maji iliyobadilishwa mara mbili kwa mwaka.

Oili chafu na mwisho wa gari

Oili iliyotolewa ina metali na masizi, na ikimwagwa kwenye mtaro wa Kariakoo huelekea Bonde la Msimbazi na hatimaye baharini. Usimamizi wa taka hatari uko chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Mitaani oili chafu hukusanywa kwenye madumu na kuuzwa, na nyingine hupakwa kwenye mbao na nguzo kuzuia mchwa. Betri zilizokufa hununuliwa na wafanyabiashara wa chuma chakavu kwa ajili ya risasi yake. Kuzipasua nyumbani ni hatari, hasa kwa watoto.

Gari likifikia mahali ambapo matengenezo ya mwaka yanazidi bei yake, huuzwa zima kwa wanaokata spea. Injini, milango, taa na viti huondolewa kimoja kimoja na kurudi madukani Gerezani, na bodi huenda kwenye mizani ya chuma chakavu. Mmiliki hupaswa kulifuta gari hilo kwenye usajili wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), vinginevyo jina lake hubaki kwenye gari ambalo halipo tena.